Makumbusho ya mtaa wa Anacostia: historia ya Watu Weusi iliyotunzwa na majirani wenyewe

Katika kipindi chetu cha asubuhi tulizungumzia vitu vya kale vinavyouzwa kwa wanunuzi wa chuma chakavu. Mzee mmoja akatupigia simu. Alisema jembe lililofuliwa na babu yake, ambalo familia ililitunza kwa vizazi vitatu, liliuzwa na wajukuu kwa kilo, yeye akiwa amelazwa hospitali. Hakuwa na hasira. Aliuliza tu: "Wanangu, hivi makumbusho ni ya watu wa mjini peke yao? Sisi huku hatuwezi kuwa nayo yetu?"

Baada ya simu hiyo zilifuata nyingine nyingi, tukaahidi kuandika makala. Jibu tumelifuata mbali kidogo, katika jiji la Washington nchini Marekani. Huko kuna mtaa wa Watu Weusi uliokabiliana na swali kama la mzee wetu zaidi ya miaka 50 iliyopita. Mtu aliyeongoza makumbusho ya mtaa huo tangu siku ya kwanza alikuwa amewahi kufanya kazi Tanganyika.

Kwa ufupi

- Jina: Anacostia Community Museum, yaani Makumbusho ya Jamii ya Anacostia.
- Mahali: kusini mashariki mwa jiji la Washington, ng'ambo ya Mto Anacostia.
- Yalifunguliwa: tarehe 15 Septemba 1967.
- Yanasimamiwa na: Smithsonian, taasisi ya makumbusho ya taifa la Marekani.
- Kiingilio: bure.

Anacostia ni wapi?

Wengi wetu tukisikia Washington tunafikiria Ikulu ya Marekani na majengo meupe ya Bunge. Katikati ya jiji hilo kuna uwanja mrefu wa nyasi, na pembeni yake yamepangana makumbusho makubwa ya taifa. Mengi ni ya Smithsonian, taasisi iliyoanzishwa mwaka 1846 kwa fedha zilizoachwa na mwanasayansi wa Uingereza, James Smithson, ambaye mwenyewe hakuwahi kufika Marekani.

Anacostia iko ng'ambo ya mto. Jina linatokana na Wanacotchtank, wenyeji wa asili walioishi kando ya mto huo kabla ya Wazungu kuja. Mwaka 1854 walowezi walipima viwanja hapo wakaanzisha kitongoji kilichoitwa Uniontown, na masharti ya mauzo yaliwakataza Watu Weusi kununua.

Sharti hilo halikudumu. Mwaka 1877 nyumba iliyo juu ya kilima hapohapo ilinunuliwa na Frederick Douglass. Huyu alizaliwa mtumwa katika jimbo la Maryland, akatoroka mwaka 1838 akiwa kijana, akaandika na kuhutubia mpaka akawa sauti kubwa ya kupinga utumwa nchini mwake. Aliishi katika nyumba hiyo, iitwayo Cedar Hill, hadi alipofariki mwaka 1895. Nyumba bado ipo, inatunzwa na serikali, na wageni wanaingia.

Waliojenga usiku kwa mwanga wa taa

Kuna habari nyingine ya Anacostia ambayo haijulikani sana nje ya Marekani, nayo ndiyo inayotugusa zaidi sisi watu wa jembe.

Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani vilipokwisha mwaka 1865, maelfu ya waliokuwa watumwa walikuwa wamekimbilia Washington. Walikuwa huru, lakini hawakuwa na ardhi wala nyumba. Mwaka 1867 idara ya serikali iliyoshughulikia watu walioachwa huru ilinunua shamba la ekari 375 lililokuwa mali ya familia ya Barry. Likakatwa viwanja vya ekari moja moja. Kila familia iliuziwa kiwanja pamoja na mbao za kutosha kujenga nyumba ndogo, ikalipa kidogo kidogo.

Mchana watu hao walifanya vibarua mjini. Jioni walivuka daraja kwa miguu, wakafyeka miti na kupiga misumari usiku kwa mwanga wa taa za kushika mkononi. Wake, waume na watoto walifanya kazi pamoja. Hivyo ndivyo kilivyozaliwa kijiji cha Barry Farm, na baadaye watoto wa Frederick Douglass walikuwa miongoni mwa wakazi wake.

Kwa miaka mingi vitabu vya shule havikuwataja watu hawa. Kumbukumbu zao zilikaa vichwani mwa bibi na babu, kwenye picha zilizofungiwa masandukuni na kwenye madaftari ya makanisa. Bibi akifariki na sanduku likitupwa, ukurasa mzima unapotea. Ni habari ileile ya jembe la mzee wetu.

Ukumbi wa sinema wageuzwa makumbusho

Kufikia miaka ya 1960 Anacostia ilikuwa imebadilika. Wakazi Wazungu walikuwa wanahamia nje ya jiji. Familia nyingi za Watu Weusi zilizobomolewa nyumba katika sehemu nyingine za Washington zilihamia ng'ambo ya mto. Barabara kuu ilikuwa imepita kati ya makazi na mto, na huduma zilikuwa duni.

Mkuu wa Smithsonian wakati huo, S. Dillon Ripley, aliona jambo lililomsumbua. Makumbusho yake hayakutoza kiingilio, lakini watu wa mitaa maskini hawakuja, ingawa wengine waliishi umbali wa safari fupi ya basi. Wazo lake lilikuwa kwamba kama watu hawaendi kwenye makumbusho, basi makumbusho yawafuate walipo.

Anacostia kulikuwa na ukumbi wa sinema uliokuwa haufanyi kazi, ukiitwa Carver. Smithsonian ikaukodi, na majirani wakashiriki kuutengeneza. Ulipofunguliwa Septemba 1967 ndani kulikuwa na mchanganyiko wa vitu: mfano wa chombo cha kwendea anga za juu ambacho watoto waliruhusiwa kuingia, duka la zamani lililopangwa kama maduka ya miaka ya 1890, wanyama wachache, na vitu vya kushika kwa mkono badala ya kutazama kupitia kioo.

Mwanzoni, kama unavyoona, historia ya Watu Weusi haikuwa imechukua nafasi kubwa. Wakazi ndio walioisukuma iingie. Kamati ya watu wa mtaa ilikaa na uongozi ikasema inataka kuona nini. Walitaka kujiona wao wenyewe.

Mchungaji aliyepita Tanganyika

Mkurugenzi wa kwanza alikuwa John Kinard, mtoto wa Washington, mwenye umri wa miaka 30. Hakusomea kazi ya makumbusho. Alisomea uchungaji na alikuwa amefanya kazi na vijana na familia za mitaani.

Miaka mitano kabla ya hapo, mwaka 1962, Kinard alikuja Tanganyika iliyokuwa ndiyo kwanza imepata uhuru. Alikuja na mpango ulioitwa Operation Crossroads Africa, uliowaleta vijana wa Marekani kufanya kazi za mikono bega kwa bega na vijana wa Afrika. Kundi lake lilishiriki kujenga bwalo la chakula la wanafunzi. Baada ya kumaliza masomo alirudi Afrika Mashariki, safari hii akiwa mwajiriwa wa mpango huo.

Kinard aliongoza makumbusho ya Anacostia kwa zaidi ya miaka 20, hadi alipofariki mwaka 1989. Katika miaka hiyo alishikilia jambo moja: makumbusho ya mtaa lazima yazungumze na watu wa mtaa kuhusu maisha yao ya leo pia. Mambo ya kale pekee hayatoshi.

Maonyesho ya panya

Mfano unaokumbukwa zaidi ni wa mwaka 1969. Wafanyakazi wa idara ya elimu, iliyoongozwa na Zora Martin Felton, walikuwa wakizungumza na watoto wa mtaa. Watoto wakasimulia kuhusu panya, waliokuwa wanaingia ndani, wanakula chakula na wanang'ata watu usiku. Kwao lilikuwa jambo la kila siku.

Makumbusho mengine yangesema hiyo ni kazi ya bwana afya. Anacostia waliandaa maonyesho mazima kuhusu panya. Waliweka panya hai ndani ya sehemu iliyotengenezwa kama uwanja wa nyuma wa nyumba wenye takataka. Walieleza panya wametoka wapi, wanaleta magonjwa gani, wanazaana namna gani na wanazuiwaje. Jina la maonyesho lilikuwa na maana ya kwamba panya ni balaa tunalolialika wenyewe.

Watu walikuja. Walioona makumbusho ni mahali pa wasomi walikuta shida yao ya jikoni imewekwa mbele ya macho ya jiji zima. Tangu hapo maonyesho hayo hutajwa mara kwa mara na watu wa fani ya makumbusho, kwa sababu yalionyesha kwamba mtaa unaweza kuamua wenyewe ni jambo gani linastahili kutazamwa.

Pamoja na hayo, makumbusho yaliendelea na historia. Mtafiti Louise Daniel Hutchinson aliongoza kazi ya kukusanya habari za mtaa: kuzungumza na wazee, kusoma kumbukumbu za zamani, kutafuta picha. Mwaka 1977 kikatoka kitabu chake kuhusu Anacostia, kinachoanzia mwaka 1608 hadi 1930. Sasa mjukuu wa Barry Farm angeweza kufungua ukurasa akakuta habari za kwao.

Ukifika leo utaona nini?

Mwaka 1987 makumbusho yalihama kutoka ukumbi wa sinema kwenda jengo jipya la matofali, juu ya kilima katika bustani ya Fort Stanton. Wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe pale palikuwa na ngome ya kuulinda mji. Mgeni anaweza kupanda treni ya mjini hadi kituo cha Anacostia, kisha akachukua basi.

Usitegemee jumba kubwa. Makumbusho ya taifa ya historia ya Wamarekani Weusi, yaliyofunguliwa mwaka 2016 katikati ya jiji, ni makubwa na yana ghorofa nyingi. Haya ya Anacostia unayamaliza kwa muda mfupi. Maonyesho yake hubadilishwa, hivyo anayekuja mwaka huu na anayekuja baadaye wanaweza kukuta mambo tofauti kabisa. Tutaje machache ya miaka iliyopita:

- Wahamiaji Weusi, 1994. Yalihusu watu Weusi waliohamia Washington kutoka Afrika, visiwa vya Karibi na Amerika ya Kusini. Yalionyesha kwamba kuwa Mtu Mweusi Marekani kuna sura nyingi.
- Lugha, 2010. Yalimhusu Lorenzo Dow Turner, msomi Mweusi aliyechunguza lugha ya Wagullah, watu wa pwani ya kusini mashariki mwa Marekani. Wengine walisema ni Kiingereza kilichoharibika. Turner alithibitisha kuwa ndani yake kuna maneno mengi yaliyovuka bahari kutoka Afrika pamoja na watumwa.
- Mto, 2012. Yalihusu mito ya mijini na watu wanaoishi kando yake. Mto Anacostia umechafuliwa kwa miaka mingi, kiasi kwamba kuogelea kumepigwa marufuku tangu mwaka 1971.
- Haki ya kuishi mjini, 2018. Yalieleza jinsi wakazi wa mitaa sita ya Washington walivyopigania nyumba, shule na barabara zao.
- Chakula, 2021. Yalieleza chakula kinatoka wapi, nani anakilima, nani anakipika na kwa nini baadhi ya mitaa haina duka la vyakula vya maana.

Kiswahili chetu mezani kwao

Kuna jambo litakalomfurahisha msikilizaji yeyote wa Kiswahili. Mwisho wa mwaka Wamarekani wengi Weusi husherehekea Kwanzaa, na makumbusho ya Anacostia yamekuwa miongoni mwa mahali wanapokutana kwa ajili hiyo.

Kwanzaa ilianzishwa mwaka 1966 na Maulana Karenga, mwalimu na mwanaharakati wa California. Huanza tarehe 26 Desemba na kumalizika tarehe 1 Januari. Jina limetokana na mazao ya kwanza, maana mfano wake ni sherehe za mavuno za Afrika. Karenga alichagua Kiswahili kwa sababu si lugha ya kabila moja. Herufi ya "a" iliongezwa mwishoni, ndiyo maana wao huandika Kwanzaa.

Mezani hutandikwa mkeka. Juu yake huwekwa kinara chenye mishumaa saba, mahindi na kikombe cha umoja. Kila siku ina neno lake: umoja, kujichagulia, ujima, ujamaa, nia, kuumba, imani.

Mababu wa wengi wa watu hao walichukuliwa kutoka Afrika Magharibi na ya Kati, ambako hakikuzungumzwa Kiswahili. Lugha za mababu walinyang'anywa pamoja na majina. Kwa hiyo walipotafuta lugha moja ya kuwaunganisha na bara, walichukua ya kwetu. Neno kama ujima, ambalo kwetu ni kusaidiana kulima na kujenga, bibi wa Anacostia analitamka akiwasha mshumaa na wajukuu wake. Inafaa tulikumbuke tunapowaona vijana wetu wakilionea haya neno la Kiswahili.

Makumbusho yamebaki, je, wenyeji?

Hatutaki kuwaachia picha ya mambo mazuri tu. Barry Farm ile iliyojengwa usiku kwa mwanga wa taa haipo tena kama ilivyokuwa. Katika miaka ya 1940 serikali ilipitisha barabara kubwa na kuchukua sehemu ya ardhi kujenga nyumba za kupangisha watu wa kipato cha chini. Miaka ya karibuni nyumba hizo nazo zikabomolewa ili kujenga upya, na familia nyingi zikahamishwa. Kwa juhudi za wakazi, mwaka 2020 majengo matano yaliyosalia yalitangazwa kuwa urithi usiobomolewa.

Pia kodi za nyumba Washington zimepanda, na wenyeji wa mitaa ya zamani wengi hushindwa kulipa wakaondoka. Hapo ndipo penye uchungu. Unaweza kuhifadhi picha ya jirani huku jirani mwenyewe akihamishwa. Makumbusho hayawezi kuzuia tingatinga. Lakini familia za Barry Farm ziliposimama kudai sehemu yao, zilikuwa na tarehe, majina na picha za kuonyesha kwamba walikuwa hapo tangu 1867. Asiye na kumbukumbu huambiwa hakuwepo.

Na sisi huku?

Tunarudi kwa mzee wetu. Jibu ni ndiyo, kijiji kinaweza kuwa na makumbusho yake. Kwetu Tanzania ipo mifano. Bujora, karibu na Mwanza, kuna makumbusho ya Wasukuma yenye ngoma, vifaa vya watemi na zana za kazi, yaliyoanzishwa na Padri David Clement kwa kushirikiana na wenyeji. Dar es Salaam kuna Kijiji cha Makumbusho chenye nyumba za asili za makabila mbalimbali.

Si lazima muanze na jengo. Anacostia walianza na ukumbi wa kukodi, nanyi mnaweza kuanza na kabati moja katika ofisi ya kijiji au shuleni. Haya ndiyo ya kuzingatia:

1. Anzeni na wazee, vitu vitafuata. Simu janja inarekodi sauti vizuri. Kaeni mahali tulivu. Mwanzoni mwa kurekodi taja jina la mzee, tarehe na mahali. Omba ruhusa yake kwanza, na muulize nani aruhusiwe kusikiliza.
2. Andikeni kila kitu. Chungu kisicho na maelezo ni chungu tu. Andika kilikuwa cha nani, kilitumikaje, kilitolewa lini na nani.
3. Elewaneni kuhusu umiliki. Je, kitu kimetolewa moja kwa moja au kimeazimwa? Wekeni kwa maandishi, na familia ibaki na nakala. Ugomvi mwingi huanzia hapa.
4. Undeni kamati yenye wanawake, vijana na wazee. Wakiamua wanaume watatu peke yao, mtapata mikuki na viti vya watemi, lakini vinu, vyungu na nyimbo za unyago vitasahauliwa.
5. Vilindeni. Vitu viwekwe juu, mbali na ukuta wenye unyevu, na vikaguliwe kila wiki dhidi ya mchwa, panya na wadudu wa mbao.
6. Msichimbe. Mkikuta vyungu, mifupa au chuma cha kale ardhini, acheni palepale na mtoe taarifa kwa uongozi wa kijiji na afisa utamaduni wa wilaya.
7. Wekeni na shida ya leo. Kama tatizo la kijiji ni maji au viwavi wa mahindi, nalo lina historia yake. Wazee walikabilianaje nalo? Kumbukeni panya wa Anacostia.

Mzee wetu ametoka hospitali. Jembe halijapatikana, na huenda limeshayeyushwa. Lakini tulipompigia tena alitusimulia kwa karibu saa nzima jinsi babu yake alivyokuwa akichoma mawe ya chuma, nani alivuta mifuo na mwiko gani ulifuatwa siku ya kufua. Sauti yake tumeirekodi kwa ruhusa yake, na nakala tumempelekea mjukuu wake mkubwa.

Kama kwenu kuna mzee mwenye habari kama hizo, usisubiri sisi tufike. Washa simu, kaa naye leo jioni, umsikilize.